Jina Lisilosomwa Kanisani

Mwanangu Thandeka,

Umetoka saa nne asubuhi kwenda kusukwa, na Mama Riziki ameniambia kwa simu kwamba kichwa chako hakitaisha kabla ya saa kumi na moja. Nimefurahi. Ukiwa ndani ya nyumba hii siwezi kuandika. Nakusikia ukifunga na kufungua zipu ya begi, nainuka kuja kuona kama umesahau kitu, halafu nasahau mimi nilichotaka kusema. Sasa nyumba imetulia, ila mimi ndiye sijatulia. Tangu nikae mezani nimeinuka mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kuzima jiko ambalo sikuwa nimeliwasha.

Kesho saa sita mchana basi litaondoka Park Station, hapa Johannesburg, na wewe ndani yake, mfamasia wa kwanza katika ukoo wetu, kwenda kufanya mwaka wako wa huduma katika hospitali ya mji ambao nimeutafuta kwenye ramani nikaona ni nukta tu katikati ya mchanga. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya kunywa, wala za watu wa kuwakwepa. Hayo nimeyasema mpaka ukaziba masikio na vile vidude vyako vya muziki. Nakuandikia kuhusu karatasi iliyo chini ya kopo la sukari. Inahitaji sahihi mbili. Yangu nimeiweka leo. Ya pili ni yako, na isipofika Midrand kabla ya mwezi kuisha, yaani siku tisa kuanzia leo, fedha ya baba yako itakwenda mahali ambapo mimi na wewe hatutaulizwa tena.

Nataka ujue unatia sahihi kitu gani. Mimi sikujua.

Utaisoma barua hii polepole, midomo ikicheza, maana Kiswahili chako ni cha masikio kuliko cha macho. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie kwa Kiingereza. Lakini mambo haya niliyakosea kwa Kiswahili, acha niyaungame kwa Kiswahili.

Unakumbuka baba yako alipostaafu kule kwenye ghala la mizigo Midrand. Mwaka uleule aliuza kiwanja alichoachiwa na mama yake huko Natal. Kiinua mgongo tulikiweka kwa ajili ya kula na ada yako. Fedha ya kiwanja mimi nilikuwa nimeshaipangia kazi kichwani: bati la jikoni lililokuwa likivuja, na cherehani ya umeme ya kushonea nguo nzito, niiweke kwenye kibanda changu Newtown. Sikumwambia. Nilidhani ukikaa na mume miaka yote hiyo, anajua tu. Jumatano moja akarudi na jalada la bluu, akalipangusa kwa mkono wa shati kabla ya kuliweka mezani, akasema fedha ile ameshaitoa.

Kulikuwa na taasisi ya walei Wakatoliki, ofisi yao ghorofa ya pili, si mbali na ghala lile. Unawapa fedha mara moja kwa ajili ya sadaka, na kuanzia siku hiyo si yako tena. Wanaitunza katika mfuko wenye namba yako. Kinachobaki mkononi mwako ni ruhusa ya kushauri: safari hii tungependa iende kwa wazee fulani, safari nyingine kwa zahanati fulani. Wao wanachunguza, wakiridhika wanapeleka. Wewe hupati kitu isipokuwa nafuu ya kodi mwaka ule uliotoa.

"Tukipata shida tutachukua kidogo," nilimwambia.

"Hapana, Ana. Tumeshatoa. Hatuchukui."

"Sasa sisi tumebaki na nini?"

"Na ushauri."

"Yaani umelipa fedha ya kiwanja kizima ili uitwe mshauri."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Kuna wanaolipa zaidi ya hapo ili waitwe madiwani," akasema.

Nikasaini hapohapo kama mshauri wa pili, unga ukiwa bado vidoleni. Kwenye ukurasa wa mwisho alama ya kidole changu ilibaki nyeupe. Niliwaambia wenzangu kwamba nilisaini bila kusoma kwa sababu Kiingereza cha wanasheria kinanishinda. Si kweli. Ningeweza kumwomba anisomee, alikuwa na subira ya kusoma hata maandishi ya nyuma ya boksi la dawa. Nilisaini kwa hasira ya kutoulizwa, nikajiita mke mtiifu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni dogo kuliko mengine.

Katika miaka miwili aliyobaki nayo, baba yako alishauri mara tatu. Kila mara alikuja na fomu, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia, akavuta taa karibu. Fomu ile ina visanduku viwili chini ya ukurasa wa pili. Kimoja unakitia alama ukitaka wanaopokea wajue zimetoka kwa nani. Cha pili ni cha bila jina. Yeye alitia alama hicho cha pili mara zote tatu. Nilikereka.

"Hata Padri asijue?" nilimuuliza.

"Hata Padri."

Ndipo akanisimulia habari ya shati. Nawe ulisimuliwa, lakini ulikuwa mdogo, naona ulikumbuka shati tu. Alipokuwa kijana, mkimbizi wa siasa huko kwetu Morogoro, kabla hatujajuana, aliugua malaria akawa amelala kwenye chumba cha kupanga mjini, mwezi mzima. Kila Jumamosi asubuhi alikuta kifurushi mlangoni. Kipande cha sabuni, ndizi, siku moja shati la kahawia lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Aliyepeleka hakubisha hodi. Alipopona alizunguka kanisani baada ya misa akiuliza, watu wakamcheka, kila mmoja akasema si mimi, muulize fulani. Hakujua mpaka anakufa.

"Ningemjua ni nani," aliniambia, "ningemshukuru yeye, nikaishia hapo. Kwa kuwa sikumjua, ilibidi niheshimu mtaa mzima. Mpaka yule mama muuza mkaa aliyekuwa akinitukana. Nilijiambia, huenda ni yeye."

Niliona ni hadithi nzuri ya mwanamume asiyepika jikoni kunakovuja. Nikaenda kuweka sufuria chini ya bati.

Nimeinuka tena. Umenitumia picha: nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama umeme umekupiga, na nyuma yako vidole vya Mama Riziki. Nimeitazama picha hiyo kuliko inavyostahili. Nitakwambia kwa nini. Ngoja nifuate njia yangu, nikiruka nitapotea.

Baba yako alipofariki, jina lake lilitajwa wiki nzima. Vusumuzi, Vusumuzi, kwa midomo ya Wazulu na ya Watanzania na ya Wakongo, wengine wakilivunja katikati, sikujali. Baada ya wiki ile likaanza kupungua. Ofisi ya serikali wakanipa cheti wakaniambia ahsante, anayefuata. Benki wakabadilisha bahasha. Hata wale wauza bima waliokuwa wakimsumbua kila Jumatatu waliacha kupiga simu, na mimi niliyekuwa nikiwalaani nikawa nasubiri simu yao. Wewe ulikuwa chuoni. Ukinipigia ulisema "Baba", na mimi nilisema "baba yako". Kwa hiyo ndani ya nyumba hii jina halikuwa na wa kulitamka. Siku moja nililisema mwenyewe kwa sauti, nikiwa nafua mapazia, nikaogopa.

Ndipo nikakumbuka mfuko, ambao baada yake washauri wake ni mimi na wewe. Nikapiga simu Midrand. Alipokea dada mmoja mpole, anaitwa Lerato, tukaongea Kiingereza changu cha sokoni. Nikamwambia nataka mfuko wa marehemu ulipie misa thelathini za kumwombea, mfululizo, jina lake lisomwe kila siku kabla ya misa kuanza.

"Mama, pole sana. Mfuko hauwezi kulipia misa za mtu wenu."

"Kwa nini? Ni taasisi ya Kikatoliki au si ya Kikatoliki?"

"Ni ya Kikatoliki, Mama. Lakini fedha hii ni ya sadaka kwa watu wengine. Haiwezi kununua kitu ambacho kinamrudia mtoaji au familia yake."

"Dada yangu, mtoaji yuko kaburini. Kitamrudia vipi?"

"Mama..."

"Yaani fedha yake mwenyewe haiwezi kumwombea?"

"Si yake tena, Mama. Aliitoa."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Ni maneno yaleyale ya baba yako siku ya jalada la bluu. Nikakata simu bila kuaga, mimi ninayekufundisha kuaga.

Sasa kosa la pili. Hili hulijui, maana ulikuwa kwenye mitihani.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno katika misa yetu ya Kiswahili, ile ya Jumapili moja kila mwezi. Baada ya komunyo watu walileta viazi, mafuta, kitenge, kuku mmoja aliyekuwa akipiga kelele kuliko kwaya. Kisha mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bwana Mutua, akashika kipaza sauti kuchangisha paa la ukumbi. Unamjua Bwana Mutua, Mkenya yule, akishika kipaza sauti hata maskini anajiona tajiri.

"Nani mwingine? Watanzania mmelala! Wakongo wamewapita! Mama Thandi, usitutazame tu kama mgeni wa harusi, baba wa nyumba yako alikuwa mtu wa kutoa!"

Watu wakageuka. Nikasimama. Sikuwa nimepanga, nakuapia. Nikasema, "Familia ya marehemu Vusumuzi, rand elfu thelathini."

Mwanangu, vigelegele vile. Bwana Mutua akalisema jina mara ya kwanza, akalisema mara ya pili, akawaambia watu waliseme pamoja naye, wakalisema, kanisa zima, Vusumuzi. Nilikaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikahisi njaa. Nilikwenda nyumbani nikala sahani mbili za wali.

Jumatatu nikampigia Lerato nimwambie apeleke. Akanieleza, polepole kama mwalimu wa chekechea, kwamba ahadi niliyoitoa mimi kwa jina langu ni yangu. Mfuko ukiilipa, utakuwa unanilipia mimi. Ukumbi wa parokia unaweza kusaidiwa siku nyingine, kwa njia nyingine, lakini si ahadi ile. Kwa hiyo unakumbuka zile sare za kwaya nilizokuwa nikishona mpaka macho yakawa mekundu, ukaniuliza kwa nini sipumziki? Nilikuwa nalilipa jina, kidogo kidogo, karibu miaka miwili. Bwana Mutua alipouliza, nilimwambia Midrand wanachelewesha. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Ungeniuliza leo, ningekwambia watu hawa wa Midrand hawajawahi kunichelewesha hata siku moja.

Hilo nalo si kubwa. Nililipa, likaisha. Kubwa ni hili linalofuata, na nimeshachemsha maji ya chai mara mbili ili nisilifikie.

Sista Espérance, yule wa Bukavu mwenye viatu vya mpira, alikuwa na chumba cha kushonea Marshalltown, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Cherehani nane, akina mama kumi na wawili, wengi waliokuja na watoto mgongoni kutoka Kivu. Mimi nilikuwa nikipita Alhamisi nikiwaonyesha kukata kola. Mwenye nyumba akapandisha kodi. Sista akasikia habari ya mfuko, akaniuliza kama ninaweza kushauri. Midrand walinitumia fomu ndani ya siku mbili. Shirika lake limeandikishwa, kila kitu kilikuwa sawa. Kilichobaki ni sahihi yangu na yako.

Kabla ya kusaini nikamwendea. Nikamuuliza kama tunaweza kuweka kibao juu ya mlango. Kidogo tu. Chumba cha Vusumuzi.

Akacheka. "Mama Thandi, hii nyumba ni ya kupanga. Hata musalaba tulitaka kutundika inje, mwenye nyumba alikatala."

Nikacheka naye. Nikarudi nyumbani nikaitia fomu kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Sikusema hapana. Nilijiambia nitasaini wiki ijayo, tutapata njia ya jina. Wiki ikazaa wiki. Sista alipouliza nikasema, "Midrand hawajajibu." Akaniamini. Jumapili iliyofuata aliwaombea watu wa Midrand, Mungu awafungulie mioyo, na mimi nilikuwa benchi la tatu nikaitikia, "Twakuomba utusikie."

Alikuja mara ya mwisho kibandani kwangu, amesimama na mwavuli. "Batu bananiuliza kila siku, Sista, kesho tunakuja? Bon, tungojee. Mungu hana haraka," akasema, "ila mwenye nyumba iko nayo." Hata siku ile alifanya mzaha. Baada ya wiki mbili kufuli lilibadilishwa. Cherehani nne zilikwenda kwa deni, nne ziko kwenye gereji ya parokia zimefunikwa shuka.

Mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa Mama Riziki.

Ndiyo, huyohuyo. Kabla ya chumba kile alikuwa akisuka barabarani, miguu imevimba kama mikate. Aliacha kusuka akaja kujifunza. Alikuwa na mkono mzuri, Thandi, mshono wake ulikuwa umenyooka bila chaki. Siku moja nilimuuliza kwa nini anapenda kushona. Akaniambia, "Nilitaka tu kazi ya kukaa." Chumba kilipofungwa alirudi chini ya mwavuli, pale karibu na roboti, zile taa za kuongozea magari, anasimama kuanzia asubuhi mpaka taa zote za magari ziwake. Hajui. Anadhani ni Midrand. Kila tukikutana ananiuliza habari za afya yangu, na wewe hakutozi bei ya wengine kwa sababu ni mtoto wa Mama Thandi aliyemfundisha kola.

Leo asubuhi ulipoaga ukasema unakwenda kwake, nilitaka kukuzuia. Nikasema tu, "Mwambie asiumize miguu." Ukasema, "Sharp, Mama," ukatoka.

Jumapili iliyopita ulipokuwa ukitafuta cheti chako cha kuzaliwa ukaikuta ile barua kwenye droo, ile inayosema miaka mitatu inakaribia kupita bila ushauri wetu, na kwamba ikipita, bodi itapeleka fedha kwenye kazi zake za jumla. Ulisimama mlangoni umeishika.

"Mama, miaka tatu? Hujatuma kitu? Hata moja?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini? Eish, Mama! Baba hayuko kwa hii karatasi!"

Nikakujibu vibaya. Nilisema wewe husikii uchungu kwa sababu una maisha mbele yako. Ulitoka nje ukakaa kwenye ngazi, na nikakuona kupitia dirishani umefunga mikono kama yeye alivyokuwa akifunga, mkono wa kushoto juu. Nilikupa nusu ya ukweli siku ile. Barua hii ndiyo nusu nyingine. Nilitaka kusikia jina lake likisemwa na watu wengi kwa pamoja, na kwa ajili ya hilo nikawaacha akina mama kumi na wawili nje ya mlango.

Siwezi kukupa somo kubwa kutoka hapo. Ninachoweza kukwambia ni kile nilichokiona kwangu: sikuwahi kukataa kutoa. Ungeniuliza wakati wowote, ningekwambia natoa. Nilikuwa nashika tu, siku moja zaidi, na moja zaidi. Huko uendako utakuwa nyuma ya dirisha la dawa, na watu wamepanga foleni. Utachoka, utapenda kusema kesho. Wakati mwingine itakuwa lazima kesho. Ila ujue unapolisema kwa sababu dawa hazipo, na unapolisema kwa sababu ya kitu chako mwenyewe kilicho kwenye droo. Mimi sikujua tofauti, au nilijua nikapandisha sauti ya redio.

Juzi nilikwenda kwa Sista Espérance. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya watu wa Midrand aliowaombea. Aliweka na kuondoa kifuniko cha kalamu. Kisha akasema, "Basi ile sala ilifika kwa mutu mwengine." Sikujua nilie au nicheke. Ananidai maneno mengine bado, niliona usoni, lakini hakuyasema siku hiyo.

Amepata chumba Newtown, nyuma ya parokia, chini, hakuna ngazi. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi alipie kodi. Aliniuliza kama nitakuja kufundisha kwa mshahara mdogo kutoka kwenye fedha ya mfuko. Nikamwambia hapana, mshahara siwezi kuupokea kutoka kwenye fedha niliyoitolea ushauri, ila Alhamisi zangu zipo kama zamani. Unaona, nimeanza kuijua kanuni. Lerato angefurahi. Nilimpigia simu kumwomba fomu mpya, na safari hii niliaga kabla ya kukata.

Leo ulipotoka niliijaza. Jina la shirika, kazi, kodi ya mwaka na nusu, cherehani nne mpya kuungana na zile za gereji. Inamaliza karibu mfuko wote. Nilifika kwenye visanduku viwili, nikainuka. Ndipo nilipokwenda kuzima jiko. Nilirudi nikakaa, nikainuka tena, nikahesabu mipira ile ya kufungia karatasi ambayo baba yako alikuwa akiitundika kwenye kitasa cha mlango wa kabati, bado ipo kumi na minne, imekauka, ukiivuta inakatika. Nilikaa mara ya tatu nikatia alama kisanduku cha bila jina. Alama imetoka nje ya mstari kidogo, lakini inasomeka.

Sista nimemwomba asiseme. Akina mama wataingia kwenye chumba kile bila kujua ni nani. Pengine Mama Riziki atadhani ni yule Mgiriki wa duka la vifungo, atamsalimia vizuri zaidi. Pengine atadhani ni Bwana Mutua, Mungu atusaidie, hatutapumua. Sasa naielewa hadithi ya shati. Nimechelewa miaka mitatu kuielewa, na aliyenisimulia hayupo nimwambie.

Isome fomu yote, kurasa tatu, Kiingereza ni chako. Ukiona kuna mahali pazuri zaidi pa kupeleka fedha hii, usisaini, tukae leo jioni tuzungumze, nitasikiliza. Lakini usisaini kwa ajili ya kunituliza, wala usiache kusaini kwa ajili ya kuniadhibu. Ukisaini, ipige picha umtumie Lerato, namba yake nimeiandika juu.

Nina ombi moja, na hili halihitaji bodi. Jina halitasomwa kanisani tena, nimekubali. Kwa hiyo Jumapili ukinipigia kutoka huko mchangani, kabla hujaniuliza nimekula nini, litaje wewe. Usiseme Baba. Liseme lote, kwa Kizulu chako kizuri ambacho mimi sikukiweza. Mara moja inatosha. Halafu tuendelee na habari za mishahara na vumbi.

Nasikia geti. Naweka barua chini ya kopo, juu ya fomu, na kalamu pembeni. Utanikuta jikoni. Safari hii jiko nimeliwasha kweli.

Mama yako,
Anastazia, mke wa Vusumuzi